Naongoza sifa kanisani, lakini mwenyewe sina furaha wala shukrani

Shikamoo Mama. Bwana asifiwe.

Nimekuwa nikisoma safu hii kimyakimya, nasoma ya wengine na kupita. Leo nimeona niandike ya kwangu kwa sababu sina pa kuyapeleka. Watu ambao ningewaeleza ndio haohao ninaosimama nao mbele kila Jumapili.

Mimi ni mwimbaji katika kikundi cha kusifu na kuabudu. Nilianza nikiwa mtoto wa Shule ya Jumapili, nikaendelea hadi nikaolewa, na sasa ni mmoja wa wanaoongoza. Kuimba kwangu hakukuwa mzigo hata siku moja. Kuna Jumapili nilikuwa nikishika maiki, kabla hata kinanda hakijaingia, machozi yananitoka kwa furaha tu.

Mwaka huu mimba yangu iliharibika ikiwa na miezi mitano. Ilikuwa ya kwanza na tuliisubiri muda mrefu. Sitasimulia yote. Ninachokumbuka sana ni baada ya kila kitu kwisha na chumba kutulia. Nesi mmoja, ambaye nadhani hata zamu yake ilikuwa imekwisha, alirudi akanifunika miguu, akaketi pembeni ya kitanda, akanishika mkono. Hakusema pole, hakusema Mungu ana makusudi yake. Alikaa tu mpaka usingizi ukanichukua.

Baada ya mapumziko nilirudi kanisani. Watu walinipokea vizuri, walikuja nyumbani wakaomba pamoja nasi. Baada ya muda, kwao yakawa yamekwisha. Mimi nikifungua mdomo kuimba kwamba nimejaa furaha, nasikia sauti ndani inaniambia: mwongo. Nainua mikono kwa kuwa wenzangu wameinua. Natabasamu kwa kuwa kiongozi wetu wa sifa ametuelekeza tutabasamu. Anasema uso wa mwimbaji ndio unaofungua au kufunga mioyo ya watu.

Majuzi baada ya mazoezi alinibakiza. Akaniambia ameona uso wangu umebadilika, na kwamba roho ya kutoshukuru ikimwingia mwimbaji mmoja inazuia uwepo wa Mungu kwa kanisa zima. Akanifungulia 1 Wathesalonike 5:18, "Shukuruni kwa kila jambo", akaniuliza kama nimeshamshukuru Mungu kwa lile lililonipata. Nikanyamaza. Akanikumbusha kwamba Ayubu alifiwa na watoto kumi na bado alisema jina la Bwana libarikiwe. Ushauri wake ni kwamba kwenye ibada ya shukrani inayokuja nisimame nitoe ushuhuda, nimshukuru Mungu hadharani kwa kutwaa alichokitoa, ili nifunguliwe.

Mama, nimejaribu. Nimepiga magoti nikaanza, "Baba, nakushukuru kwa..." na sentensi haiishi. Basi nimeacha kuomba nyumbani. Tangu utotoni nimefundishwa kuwa tunaingia malangoni mwake kwa kushukuru. Sasa mimi ambaye sina shukrani, naingia na nini? Ninabaki na maombi ya kanisani tu, yale anayoongoza mtu mwingine nami nikaitikia amina. Mume wangu anaimba na kuomba kama kawaida. Nikimwona namwonea wivu, siku nyingine hasira.

La mwisho naona hata aibu kuliandika. Mwenzangu mmoja wa kikundini, tuliyekuwa wajawazito pamoja, amejifungua salama. Mtoto anawekwa wakfu mwezi ujao, na nimepangwa mimi kuongoza wimbo wa shangwe siku hiyo. Nampenda sana huyu dada. Lakini nikimwona na mtoto wake natafuta pa kutokea.

Je, mimi ni mnafiki? Niache kuimba kabisa? Na mtu anamshukuruje Mungu kwa jambo ambalo hana shukrani nalo?

Mwimbaji Aliyenyamaza

JIBU

Marahaba mwanangu. Poleni wote wawili kwa kumpoteza mtoto wenu.

Umeuliza maswali matatu mwishoni, nami nitayafikia. Lakini kuna jambo umeliandika kama mtu anayepita tu, nalo ndilo lililonifanya niitangulize barua yako: umeacha kuomba kwa kuwa huna shukrani ya kuingia nayo. Mengine yanaweza kusubiri. Hilo haliwezi.

Ni kweli Zaburi ya 100 inatuambia tuingie malangoni mwake kwa kushukuru. Ni wimbo wa watu waliokuja na shangwe, na ni mzuri. Ila malango hayo hayana bawabu anayekagua nani amebeba nini. Katika kitabu hichohicho, Zaburi ya 13 inaingia kwa maneno haya: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Hakuna salamu wala utangulizi wa sifa, ni malalamiko tangu mstari wa kwanza. Hiyo angalau ina mistari 6 tu na inaishia kwenye kuimba. Zaburi ya 88 haiishii huko. Mwenye kuomba analia mchana na usiku, anamwuliza Mungu kwa nini ameitupa nafsi yake, anamlaumu kwa kumtenga na rafiki zake, na neno la mwisho kabisa ni giza. Huoni "hata hivyo" yoyote pale mwishoni. Karibu theluthi ya zaburi zote 150 huhesabiwa kuwa za maombolezo, ama ya mtu mmoja ama ya taifa zima.

Na kwa kuwa wewe ni mwimbaji, tazama maandishi yaliyo juu ya hiyo Zaburi ya 88. Inatajwa kuwa ya wana wa Kora, tena imekabidhiwa kwa mwimbishaji. Wana wa Kora ndio wale ambao 2 Mambo ya Nyakati 20:19 inawaonyesha wamesimama kumsifu Bwana kwa sauti kuu. Kikundi cha sifa, kwa lugha yetu. Watu walewale wa sauti kuu walikuwa na wimbo unaoishia gizani, na ulikuwa wa kuimbwa, haukuandikwa ili ufichwe. Wala sijasoma popote kwamba uwepo wa Mungu uliwakimbia kwa sababu ya wimbo huo.

Kwa hiyo rudi kwenye maombi, na usianze na "nakushukuru kwa". Chukua Zaburi ya 13, isome kwa sauti ukiwa peke yako. Ukifika mstari wa 2 simama, uweke ya kwako, kwa maneno yako, hata yakiwa makali. Mungu ameshayasikia makali kuliko hayo na akaruhusu yaandikwe. Mstari wa 5 ndio unaoanza kugeuka na kutaja kutumaini. Ukiona huwezi kuufikia, ishia wa 4. Kesho anza tena. Na kama hata hiyo ni ndefu, mwambie, "Baba, leo sina shukrani", kisha ukae naye hapo. Hayo ni maombi kamili.

Sasa nije kwenye lile swali gumu. Umeuliza namna ya kumshukuru Mungu kwa jambo ambalo huna shukrani nalo. Usimshukuru kwa kifo cha mtoto wako. Maandiko hayakudai. Paulo huyohuyo aliyewaandikia Wathesalonike washukuru, aliwaandikia Wakorintho kwamba mauti ni adui, adui wa mwisho atakayebatilishwa. Mungu anayekiita kifo adui hawezi kukuwekea sharti la kumshukuru kwa ajili yake. Wapo watakaokutolea Waefeso 5:20, panapotajwa kushukuru kwa mambo yote. Usome pamoja nao, usiukimbie, ila mwusome mkiwa mmefungua na 1 Wakorintho 15:26 pembeni.

Tazama alivyofanya Bwana mwenyewe kwenye kaburi la Lazaro, Yohana 11. Aliugua rohoni. Akalia machozi. Kisha, jiwe limeondolewa na maiti bado imo ndani, akainua macho akasema, "Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia." Machozi yapo mstari wa 35, shukrani ipo mstari wa 41, na aliyelia ndiye aliyeshukuru. Hakushukuru kwa kuwa rafiki yake amekufa. Alishukuru kwa kuwa yupo anayemsikia.

Ama Ayubu, kiongozi wako amemnukuu vizuri lakini ameishia sura ya 1, na kitabu kina sura 42. Ayubu aliyelibariki jina la Bwana ndiye ambaye katika sura ya 3 anailaani siku aliyozaliwa, na kuanzia hapo analalamika sura baada ya sura, kwa maneno ambayo mtu akiyatamka leo kwenye kikundi cha maombi nadhani atawekewa mikono aombewe kufunguliwa. Rafiki zake walifanya jambo moja jema: walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kumwambia neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu, kwa kumtafutia kosa lililomletea msiba. Mwishoni, sura ya 42 mstari wa 7, Mungu anawakasirikia wao, anasema hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu alivyonena. Yaani mlalamishi ndiye aliyeonekana kusema sawa. Natamani kila anayekwenda kwa wafiwa na Ayubu 1:21 mkononi asome mpaka huko kwanza.

Lakini sikuambii uishi bila shukrani, na barua yako yenyewe inaonyesha huishi bila hiyo. Uliandika kwamba hutasimulia yote, halafu ukasimulia moja: nesi aliyerudi baada ya zamu. Hakuna aliyekuuliza habari zake. Katika yote yaliyotokea chumba kile, umemkumbuka yeye, mkono wake, na miguu yako iliyofunikwa. Hiyo ni shukrani mwanangu, imeshatoka, hujaielekeza tu. "Baba, nakushukuru kwa yule nesi." Sentensi hiyo inaisha. Ijaribu leo, na ikiisha usiiongezee kitu. Usiambatanishe "kwa hiyo najua ulikuwa na kusudi". Usiifanye ifute chochote. Nadhani ulipokuwa ukipiga magoti ukakwama, ulikuwa unajaribu kutamka shukrani ya kufuta msiba, na moyo wako ulikataa kwa haki. Hii nyingine haifuti. Inataja tu jambo moja la kweli lililokuwemo humohumo ndani ya msiba.

Ignatius wa Loyola, padri Mkatoliki aliyefariki mwaka 1556, aliwafundisha watu kuipitia siku yao mbele za Mungu, na hatua ya kwanza aliyoiweka, kabla hata ya kuzitafuta dhambi, ilikuwa kushukuru kwa mema yaliyopokewa. Tusio Wakatoliki pia tunaweza kuiazima. Kwa hali yako, taja jambo moja tu kila jioni, na liwe dogo na mahususi: mtu fulani kanipisha nikae, nimelala bila kushtuka. Yale mashukuru mapana ya "kwa uhai, kwa afya, kwa ulinzi" ambayo sote tunayaporomosha tukishika maiki, yaweke kando kwa sasa. Siku ukikosa hata moja dogo, rudi Zaburi ya 13.

Umeuliza kama wewe ni mnafiki. Unafiki ambao Yesu aliukemea katika Mathayo 6 ni wa wale wanaopenda kusali wakiwa wamesimama ili waonekane na watu. Wewe unatamani usionekane. Hata hivyo ile sauti inayokuambia "mwongo" usiizime yote, ina jambo inalolisema. Nyimbo tunazoimba ibadani si za namna moja. Zipo zinazomtaja Mungu: ni mwema, ni mtakatifu, amefufuka. Hizo unaweza kuziimba ukiwa umevunjika vipande, kwa kuwa ukweli wake hautegemei wewe umeamkaje. Na zipo zinazomtaja mwimbaji: nina furaha, machozi yangu yamekwisha, nimejaa shangwe. Hizo ni ushuhuda juu yako, na kama si kweli leo, una ruhusa ya kusogea hatua moja nyuma kutoka kwenye maiki na kuwaachia wenzako ubeti huo. Siku utakapokaa na wenzako kupanga nyimbo, lisemee jambo hili. Orodha ambayo kila wimbo wake ni "nina furaha" imepangwa kwa ajili ya kusanyiko lisilo na mfiwa, na kusanyiko la namna hiyo sijapata kuliona.

Kuna mwenzako katika Zaburi ya 42. Watu hupenda mstari wake wa kwanza, ule wa ayala na mito ya maji, wakaishia hapo. Soma mstari wa 4. Huyu alikuwa akienda na mkutano, akiwaongoza nyumbani kwa Mungu kwa sauti za furaha na kusifu. Alikuwa akifanya kazi yako. Sasa machozi ndiyo chakula chake mchana na usiku, na watu wanamwuliza Mungu wake yuko wapi. Anachoiambia nafsi yake ni kwamba imtumaini Mungu, "kwa maana nitakuja kumsifu". Nitakuja. Sifa ameiweka mbele, kwenye siku ambayo hajaifikia, na hajifanyi ameshafika. Maneno hayo anayarudia mwishoni mwa zaburi, na zaburi inayofuata inafungwa nayo tena, kwa hiyo hayakumtosha kuyasema mara moja.

Na furaha? Najua utauliza, maana Paulo amesema, "Furahini katika Bwana sikuzote", tena amerudia. Waraka huo kwa Wafilipi aliuandika akiwa amefungwa minyororo, na jambo hilo huhubiriwa sana. Lisilohubiriwa ni kwamba ndani ya waraka huohuo, sura ya 2, anaeleza jinsi mwenzake Epafrodito alivyougua karibu ya kufa, na jinsi Mungu alivyomhurumia hata yeye Paulo, asipate huzuni juu ya huzuni. Sura ya 3 anasema anaandika kwa machozi. Mtu huyu alikuwa na huzuni tayari, akaogopa kuongezewa nyingine, na bado akaandika "furahini". Ukiusoma waraka wote kwa mkao mmoja, utaona furaha anayoizungumzia haikumkataza kulia, na wala hakuna mahali alipowaagiza Wafilipi watabasamu.

Na hapo niseme kidogo juu ya huko kuamriwa kutabasamu. Naelewa inakotoka: kiongozi hataki waimbaji waliosinzia. Lakini Yakobo 5:13 inatenganisha watu wazi kabisa. Aliyepatikana na mabaya na aombe; mwenye moyo wa kuchangamka na aimbe zaburi. Yakobo hakuona haja ya wa kwanza kuvaa uso wa wa pili. Uso uliopangwa mazoezini unaweza kumfanya mgeni aliyefiwa, aliyeketi nyuma kabisa, aone kwamba amekosea jengo. Wewe ukisimama pale na uso wako ulivyo, ukaimba kwamba Mungu ni mwema, huyo mgeni atakuamini.

Je, uache kuimba? Usiache. Pumzika. Ignatius niliyemtaja alitoa kanuni nyingine: wakati wa giza na ukavu, mtu asibadilishe uamuzi alioufanya alipokuwa na mwanga. Uliamua kumtumikia Mungu kwa sauti yako ukiwa mzima. Usijiuzulu ukiwa umelala chini. Omba likizo yenye mwisho unaojulikana, tuseme miezi 3, halafu utazame upya. Katika muda huo usibaki nyumbani. Njoo ukae katikati ya watu. Ukiweza kuimba, imba. Usipoweza, waache wengine waimbe wewe ukisikiliza. Yule mwenye kupooza wa Marko 2 aliletwa amebebwa na watu wanne, na maandiko yanasema Yesu alipoiona imani yao ndipo alipomwambia dhambi zake zimesamehewa. Yao. Ya kwake hata haikutajwa peke yake. Muda mrefu umewabebea wengine nyimbo. Acha na wao wakubebee.

Kuhusu kiongozi wako, sidhani kama ana nia mbaya, nadhani amekuwa na haraka. Mithali 25:20 inamweka anayemwimbia nyimbo mtu mwenye huzuni kundi moja na anayevua nguo wakati wa baridi. Huo ushuhuda aliouomba usiutoe. Hudaiwi ushuhuda na mtu. Mwambie kwa upole na kwa ufupi: "Nimefiwa na bado naomboleza. Siwezi kusimama kuusema ushuhuda huo. Naomba nipumzike kuongoza kwa muda." Usijadiliane naye juu ya roho ya kutoshukuru, ukiingia kwenye mjadala huo mtatoka mmechoka wote. Akisisitiza, nenda kwa mchungaji, na uende na mume wako.

Huyo mume wako mwulize. Unamwona anaimba kama kawaida na unajua kwamba wewe nawe, ukitazamwa kutoka kwenye viti, unaonekana unaimba kama kawaida. Yawezekana na yeye anainua mikono kwa kuwa wengine wameinua. Yawezekana kuimba ndiko kunakomshikilia asianguke. Huwezi kujua hadi mmekaa mkazungumza, na hasira yako inaweza kuwa ni upweke tu uliokosa pa kwenda. Msome hizo zaburi pamoja siku moja, hata kama mtaishia njiani.

Tena mwanangu, kama usingizi umepotea kabisa, huli, au yanakujia mawazo kwamba afadhali usingekuwepo, nenda hospitali ukamwone daktari, usingoje. Baada ya kupoteza mimba mwili na akili vyote viwili huumia, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Kwenda kwa daktari hakumfungii Mungu mlango.

Limebaki la mwenzako na mtoto wake. Usiongoze wimbo siku hiyo, na umwambie mwenyewe mapema, asilisikie kwa kiongozi. Mwandikie: "Dada, nakupenda, na nimefurahi kwamba umejifungua salama. Bado nikimwona mtoto naumia, kwa hiyo sitaongoza wimbo siku hiyo. Nikiweza nitakuja, nisipoweza usidhani nimekukasirikia." Yote hayo ni kweli kwa pamoja, hakuna haja ya kuchagua moja. Warumi 12:15 huagiza kufurahi pamoja nao wafurahio, na haukatizwi hapo. Unaendelea na kulia pamoja nao waliao. Huenda naye amekuwa akikuogopa tangu ajifungue, hajui aseme nini mbele yako, na ujumbe huo utampa pa kuanzia. Ukienda, keti pembeni na mume wako, mkiwa mmeshapatana kwamba ukimgusa mkono mnatoka bila maelezo. Ukishindwa kwenda, mpe mume wako zawadi aifikishe, na wiki hiyo ukipata nguvu mpigie simu.